Dkt Halsted, bingwa wa upasuaji aliyehofia kidonda cha saratani ya matiti

KATIKA makazi ya wafugaji kuanzia Balambala hadi Ijara, na kaskazini zaidi hadi Wajir na Mandera, ipo hofu ambayo mhudumu wa afya yeyote aliyefanya kazi katika eneo hilo anaifahamu. Hofu yenyewe ni kwamba uvimbe wa saratani ukishaguswa na kisu, ugonjwa hukasirika na kuenea mwili mzima. Si hofu ya Wasomali peke yao, kwani inasikika pia Pwani, Nyanza na hata katika mitaa ya kifahari ya Nairobi. Lakini huko Kaskazini Mashariki, ambako mgonjwa huweza kusafiri mamia ya kilomita kabla ya kumwona daktari wa upasuaji, gharama yake ni kubwa zaidi. Mwanamke hukaa na uvimbe titini miezi na miezi. Hujaribu dawa za miti, pengine huchomwa kwa chuma cha moto kama ilivyo desturi ya wafugaji wengi, na anapofika hospitali ya rufaa ya Garissa uvimbe umekwisha kupasuka na kuwa donda.

Wasomi huicheka hofu hiyo na kuiita ujinga. Wangeshangaa kujua kwamba mtu aliyeufanya upasuaji wa saratani ya matiti kuwa tiba yenye kutambuliwa duniani, Dkt William Stewart Halsted wa Marekani, alikuwa nayo yeye mwenyewe, na kwamba hofu hiyo ndiyo iliyouongoza mkono wake kwa zaidi ya miaka 30.

Halsted alizaliwa mjini New York tarehe 23 Septemba mwaka 1852, katika ukoo wa matajiri waliokuwa wakiagiza vitambaa kutoka ng’ambo. Malezi yake yalikuwa ya mtoto asiyejua shida. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1870 alijulikana kwa michezo kuliko masomo. Alikuwa nahodha wa timu ya kandanda ya chuo, na inasemekana kwamba katika miaka yote minne hakuna rekodi ya yeye kuazima kitabu hata kimoja maktabani. Ni katika mwaka wa mwisho tu ndipo alipoanza kusoma vitabu vya mwili wa binadamu, na baada ya hapo hakuviacha tena. Mnamo 1877 alihitimu udaktari jijini New York akiwa miongoni mwa wanafunzi bora.

Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Ulaya, ambako upasuaji ulikuwa umepiga hatua kubwa. Kwa miaka miwili alizunguka Vienna, Leipzig, Halle na miji mingineyo, akiwatazama mabingwa wa Kijerumani na Kiaustria wakifanya kazi. Aliporejea nyumbani mwaka 1880 alikuwa mtu mwingine: mwepesi, jasiri, mwenye kufanya kazi katika hospitali kadhaa kwa wakati mmoja, usiku na mchana.

Ujasiri wake wa ujana ulikaribia wazimu. Mnamo 1881 alimkuta dada yake akivuja damu baada ya kujifungua, uhai wake ukiwa ukingoni. Halsted aliichota damu kutoka katika mshipa wake mwenyewe na kumtia dada yake, miaka 20 kabla ya makundi ya damu kujulikana. Dada alipona. Mwaka uliofuata alimpasua mama yake mzazi saa nane za usiku juu ya meza ya jikoni, akamtoa usaha na mawe katika kifuko cha nyongo. Naye mama alipona.

Jambo lililomkera zaidi lilikuwa uchafu. Wakati huo wapasuaji wengi wa New York waliidharau nadharia ya vijidudu na walipasua wakiwa wamevaa makoti yaliyoganda damu. Halsted alikataa kushiriki chumba kimoja nao katika hospitali ya Bellevue. Alichangisha dola 10,000, pesa nyingi mno kwa zama hizo, akajengewa hema kubwa katika uwanja wa hospitali, lenye sakafu ya mbao laini, maji na gesi. Humo ndimo alimopasulia wagonjwa wake.

Kisha ikaja kokeini. Mnamo Septemba 1884 habari zilienea kutoka Ulaya kwamba daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, amegundua kuwa dawa hiyo hulitia jicho ganzi. Halsted na wenzake walianza kujidunga wao kwa wao ili kujua kama ingeweza kuzima maumivu ya sehemu nyingine za mwili. Waligundua kwamba ukiidunga karibu na shina la neva, eneo lote linalohudumiwa na neva hiyo hufa ganzi. Ganzi anayodungwa mgonjwa wa jino leo ilianzia hapo. Lakini hakuna aliyejua wakati huo jinsi kokeini inavyomtawala mtu. Baadhi ya wenzake waliangamia kabisa. Halsted alinusurika kwa shida. Makala aliyoiandika mwaka 1885 kuhusu ugunduzi huo haisomeki. Sentensi zinazunguka bila kufika popote, na mhariri yeyote angetambua mara moja kwamba mwandishi hakuwa na akili timamu.

Alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Providence mwaka 1886, na tena 1887. Huko alipewa mofini ili kuidhibiti hamu ya kokeini, na badala ya utumwa mmoja akatoka na mwingine. Rafiki yake, Dkt William Welch, aliyekuwa akiandaa kuanzishwa kwa chuo na hospitali ya Johns Hopkins, alimchukua akaishi naye Baltimore na kumpa kazi katika maabara. Mpasuaji mwepesi wa New York hakuonekana tena. Aliyefika Baltimore alikuwa mtu mpole, mkimya, mwenye kujitenga, anayepasua polepole hadi watazamaji wakachoka.

Ni katika upole huo ambapo mchango wake mkubwa ulipatikana. Akifanya majaribio kwa mbwa, Halsted alijifunza kwamba jeraha haliponi kwa sababu ya kasi ya daktari, kama ilivyodhaniwa enzi zile ambapo mpasuaji bora alihesabiwa kuwa yule mwenye haraka. Huponya mwili wenyewe, na kazi ya daktari ni kutouharibia. Kila nyama inayobanwa kwa nguvu hufa, na nyama iliyokufa ni chakula cha vijidudu. Kila tone la damu linalovuja bila sababu huuchosha mwili. Alitumia nyuzi nyembamba za hariri, akafunga kila mshipa mdogo, akaunganisha tabaka kwa tabaka bila kuvuta. Mwaka 1891 alichapisha makala ndefu kuhusu tiba ya majeraha, akieleza jinsi donge safi la damu lililobaki ndani ya pengo la jeraha linavyoweza kugeuka kuwa nyama mpya, mradi vijidudu visiingie.

Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889 na Halsted akawa mkuu wa upasuaji mwaka 1890. Muuguzi mkuu wa chumba chake cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa na tatizo. Dawa ya zebaki iliyotumiwa kusafishia mikono ilimbabua ngozi. Halsted, ambaye hakuwa tayari kumpoteza, aliiagiza kampuni ya mipira ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. Zilimfaa. Mwezi Juni 1890 wakafunga ndoa. Glavu zilitengenezwa kumkinga muuguzi. Miaka kadhaa ilipita kabla ya mmoja wa wanafunzi wa Halsted, Joseph Bloodgood, kuonyesha kwamba zikivaliwa na kila mpasuaji maambukizi ya majeraha hupungua sana. Halsted baadaye alishangaa kwamba yeye na wenzake walikuwa vipofu kiasi hicho.

Wakati huo saratani ya matiti ilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Wapasuaji waliukata uvimbe, jeraha likafunga, kisha baada ya miezi michache ugonjwa ukachipuka tena papo hapo juu ya kovu. Katika hospitali kubwa za Ulaya hali hiyo iliwapata kuanzia nusu ya wagonjwa hadi wanawake wanane katika kila kumi. Ndipo ilipojengeka, kule nako, imani kwamba kisu huichochea saratani.

Halsted aliichukulia imani hiyo kwa uzito. Maelezo yake yalikuwa kwamba kisu kinapopita karibu mno na uvimbe, au kinapoukata katikati, hubeba mbegu za ugonjwa na kuzimwaga ndani ya jeraha bichi. Kwa hiyo akaamua kwamba kisu kisiuone uvimbe kabisa. Alianza kukata mbali, akaondoa titi zima, ngozi yake, msuli mkubwa wa kifua ulio chini yake na tezi zote za kwapani, vyote vikitoka kama kipande kimoja. Jeraha lililobaki lilikuwa kubwa ajabu, na mara nyingi alilifunika kwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Mpasuaji asiyejua kutunza majeraha angewaua wagonjwa kwa upasuaji kama huo. Kwa Halsted, vidonda vilipona vizuri.

Mwaka 1894 alitoa matokeo ya wanawake 50. Watatu tu, yaani asilimia sita, ndio waliorudiwa na ugonjwa katika eneo la jeraha. Madaktari duniani kote walistaajabu, na kwa karibu miaka 80 iliyofuata upasuaji huo ukawa sheria. Wanafunzi wake waliusambaza, wengine wakaenda mbali kuliko yeye, wakikata mbavu na kuingia hadi ndani ya kifua.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba ushindi huo ulikuwa na dosari ambayo Halsted aliikaribia bila kuitambua. Kutorudi kwa saratani kwenye kovu hakukumaanisha kwamba mwanamke amepona. Katika ripoti yake ya mwaka 1907 ilionekana dhahiri kwamba wanawake ambao tezi zao za kwapani zilikuwa safi waliishi miaka mingi, na wale ambao ugonjwa ulikuwa umefika kwapani walikufa kwa wingi, hata kama kifua kilikwanguliwa namna gani. Kilichowaua kilikuwa kimeshaondoka titini kabla ya kisu kufika. Kilikuwa kwenye mifupa, ini na mapafu. Halsted aliamini kwamba saratani husafiri kama moto wa nyika, hatua kwa hatua kutoka pale ulipowashwa, na kwamba ukiuwahi kwa kukata eneo pana utauzima. Ushahidi ulikuwa mbele yake lakini hakubadili mawazo.

Gharama walilipa wanawake. Walibaki na kifua kilichobonyea, bega lisiloinuka vizuri, na wengine na mkono uliovimba maisha yao yote. Kwa haki yake, Halsted hakulificha jambo hilo. Mwaka 1921 alichapisha makala kuhusu uvimbe huo wa mkono na kutafuta chanzo chake katika jinsi jeraha la kwapani linavyopona.

Nyumbani aliishi maisha ya ajabu. Yeye na Caroline hawakujaliwa watoto. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya nyumba mjini Baltimore, na majira ya joto walikwenda katika shamba lao milimani North Carolina, ambako alilima maua. Mashati yake aliyatuma Paris kufuliwa. Mara kwa mara alitoweka kwa majuma kadhaa bila maelezo. Wanafunzi walidhani ni ukali wa mtu mkubwa. Ukweli ulijulikana mwaka 1969, yalipofunguliwa maandishi ya siri ya mwenzake, Dkt William Osler, yaliyoonyesha kwamba Halsted aliendelea kutumia mofini kwa miaka mingi huku akiendesha idara ya upasuaji iliyosifika kuliko zote Marekani.

Mwaka 1919 alifanyiwa upasuaji wa mawe ya nyongo, ugonjwa uleule wa mama yake. Mnamo Aprili 1922 madaktari wa meno wa Marekani walimtunuku nishani ya dhahabu kwa ugunduzi wake wa ganzi, heshima iliyochelewa kwa miaka 37. Mwezi Agosti mawe yalimrudia. Alipasuliwa tena na wanafunzi wake mwenyewe, akapatwa na matatizo baada ya upasuaji, na tarehe 7 Septemba 1922 akafariki akiwa na umri wa miaka 69. Caroline alimfuata mwezi Novemba mwaka huohuo.

Swali aliloliacha, la nini hutokea kati ya kidonda na saratani, lilichukuliwa na wengine. Mpasuaji wa Pittsburgh, Bernard Fisher, alifanya jaribio mwaka 1959 ambalo lilipaswa kuwashtua wengi zaidi. Aliwadunga panya seli 50 tu za saratani katika mshipa unaoingia kwenye ini. Panya walioachwa hivyo waliishi miezi kadhaa bila uvimbe. Lakini wale waliopasuliwa tumbo mara kwa mara na ini kushikwashikwa waliota uvimbe. Seli zilikuwa zimelala, na jeraha likaziamsha. Fisher huyohuyo aliongoza uchunguzi mkubwa ulioanza mwaka 1971 kwa wanawake zaidi ya 1,600. Matokeo yake, yaliyofuatiliwa kwa miaka 25 hadi 2002, yalionyesha kwamba upasuaji mpana wa Halsted haukuwaongezea uhai kuliko upasuaji mdogo zaidi. Enzi ya Halsted ikaisha.

Mnamo 1986 mtaalamu mwingine wa Marekani, Harold Dvorak, alieleza kwamba uvimbe wa saratani unafanana na jeraha lisilopona kamwe. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa sana, kwa kuwa lugha yetu ilikuwa na donda ndugu zamani. Jeraha linapotokea, damu huganda na donge hilo humwaga kemikali zinazoziamuru seli za jirani zigawanyike. Seli nyeupe humiminika kusafisha uchafu. Mishipa mipya ya damu huchimbwa kuelekea pale penye pengo. Kazi ikiisha, amri hizo husitishwa. Saratani hutumia amri zilezile, ila yenyewe haisitishi.

Kule Milan, Italia, watafiti walichunguza rekodi za wanawake 1,173 waliokatwa matiti bila kupewa dawa nyingine. Waliona kwamba ugonjwa haukurudi kwa mtiririko wa kawaida. Ulirudi kwa mawimbi mawili, la kwanza likifika kilele yapata miezi 18 baada ya upasuaji na la pili mnamo mwaka wa tano. Baadhi yao wakadai kwamba wimbi la kwanza linasababishwa na mshtuko wa upasuaji wenyewe. Wataalamu wengine hawakubaliani nao.

Mwaka 2018 ukaja ushahidi ulio wazi zaidi, ingawa ni wa panya. Watafiti wa taasisi ya Whitehead, katika jimbo la Massachusetts, waliwatia panya seli za saratani ya matiti ambazo kinga ya mwili ilikuwa ikizidhibiti. Kisha wakawajeruhi mahali pengine kabisa, mbali na seli zile. Mwili ulipoanza kuponya jeraha, kinga ililegea na uvimbe ukaota. Kisu hakikuwa kimezigusa seli hizo wala kuzihamisha. Panya waliopewa dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu wakati wa kujeruhiwa walipata nafuu.

Je, mama wa Fafi au Lagdera afanye nini na habari hizi? Kwanza, hofu yake ina chembe ya ukweli, na daktari anayemcheka hamsaidii. Lakini chembe hiyo haimpi sababu ya kukimbia meza ya upasuaji. Seli zinazoweza kuamshwa na jeraha ni zile ambazo tayari zimekwisha kutoka titini, na kadiri uvimbe unavyoachwa ndivyo zinavyozidi kutoka. Uvimbe uliopasuka wenyewe nao ni jeraha, tena lisilo na daktari, lisilofungwa na linalooza kila siku. Na chuma cha moto kinachochomwa juu ya titi huacha kidonda kama kisu kiachavyo, bila kuuondoa ugonjwa.

Kwa makadirio ya kimataifa, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya karibu 6,800 wa saratani ya matiti mwaka 2020, na zaidi ya 3,000 walifariki. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mandera hakuwa na pa kwenda isipokuwa Nairobi. Kuwepo kwa kituo cha saratani cha kanda mjini Garissa, ambako dawa za kuua seli za saratani hutolewa, kumempunguzia safari hiyo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwani dawa hizo, zitolewe kabla au baada ya upasuaji, ndizo zinazozifuata seli zilizokwisha kutoka titini ambazo Halsted hakuweza kuzifikia kwa kisu. Mgonjwa aliyepasuliwa akarudi malishoni bila kumaliza dawa ameifanya nusu ya kazi.

Kuhusu dawa za maumivu, utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2019, ukihusisha wanawake wapatao 200, ulijaribu dozi moja ya dawa ya aina hiyo wakati wa upasuaji wa matiti. Haukuonyesha kwamba inazuia saratani kurudi. Tafiti zaidi zinahitajika, na hadi hapo hakuna daktari anayeziandika kwa ajili hiyo. Nazo zikitumiwa ovyo huweza kudhuru figo na kutoboa tumbo, kwa hiyo mgonjwa asizinunue dukani akidhani zitamkinga.